Vumbi, Majani Makavu na Swali la Muumba

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1864, ukumbi wa Sorbonne jijini Paris ulijaa watu ambao kwa kawaida usingewakuta kwenye mhadhara wa kemia. Alikuwamo Alexandre Dumas, mwandishi wa riwaya. Alikuwamo George Sand. Alikuwamo Binti Mfalme Mathilde wa ukoo wa Bonaparte. Mzungumzaji alikuwa Louis Pasteur, wakati huo ana miaka 41. Aliomba ukumbi utiwe giza, akauachia mwale mmoja wa mwanga, na watu wakaona kile ambacho kila mmoja wetu amekiona asubuhi jua linapopenya dirishani: vumbi linaelea. Kisha akawaonyesha chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa kama ya bata maji, na ndani yake maji yenye lishe aliyoyachemsha siku nyingi nyuma, bado maangavu, hayajachacha. Hewa inaingia bila kizuizi, alieleza, lakini vumbi linanasa kwenye mpindo wa shingo. Vijidudu vinaingia pamoja na vumbi. Havizaliwi na mchuzi.

Kama angeishia hapo, mhadhara ule ungebaki kuwa somo zuri la usafi. Lakini kabla ya kufika kwenye chupa alikuwa ameshatandika jamvi jingine. Aliwaambia wasikilizaji kwamba ikiwa maada inaweza kujipanga yenyewe ikawa kiumbe, basi kutoka kiumbe kidogo hadi mtu ni suala la muda tu, na Muumba atakuwa na kazi gani tena? Baada ya kuichokoza hofu hiyo, akasema kwamba katika jambo hili dini haina nafasi, falsafa haina nafasi, ukanaji Mungu hauna nafasi. Ni ushahidi tu. Nimeusoma mhadhara huo mara nyingi tangu nianze shahada ya uzamili katika historia ya sayansi, na kila nikifika kwenye kipande hicho hucheka kidogo. Ni kama wakili anayemwomba hakimu asahau jambo alilokwisha kulitaja mwenyewe kwa sauti kubwa.

Hoja yake bado inatembea. Nimeisikia kwenye mhadhara wa dini, kipaza sauti kikikoroma: Pasteur alithibitisha kuwa uhai hautoki kwa kisicho hai, basi Mungu yupo. Nimeisikia pia kwenye chumba cha semina, kutoka kwa mwenzangu asiyeamini lolote, ikiwa imegeuzwa kichwa chini: siku maabara itakapounda seli, habari ya Muumba itakuwa imekwisha. Wale wawili hawajawahi kuonana, na wakionana watagombana. Ila wamekubaliana jambo moja, kwamba uhai ukizuka wenyewe, Muumba hayupo. Mimi ni muumini, na ni makubaliano hayo yanayonisumbua kuliko ugomvi wao, kwa sababu hayakuwapo siku zote. Yana tarehe yake.

Tuanze mbali kidogo, Andalusia ya karne ya 12. Ibn Tufayl, tabibu wa khalifa wa Almohad, aliandika kisa cha Hayy ibn Yaqzan, mtu aliyekulia peke yake kisiwani, akalelewa na paa jike, akafikia kumjua Mungu kwa kutafakari tu. Kuhusu jinsi Hayy alivyofika kisiwani, Ibn Tufayl anatoa simulizi mbili. Katika moja, Hayy ni mtoto wa dada wa mfalme, aliyefichwa kwenye sanduku na kuachiwa mawimbi. Katika nyingine hana baba wala mama. Udongo wa kisiwa hicho, kilichokaa mahali ambapo joto na baridi, ukavu na unyevu vimelingana sawasawa, ulichachuka kwa miaka mingi, ukatoa povu, na ndani ya povu hilo pakaandaliwa mwili. Kisha roho itokayo kwa Mungu ikaupokea mwili huo. Mwandishi anaziweka simulizi hizi kando kwa kando na kuendelea na safari yake. Hakuna dalili kwamba aliiona ile ya pili kuwa kufuru. Udongo kuzaa mtu ilikuwa kazi ya Mungu sawa na tumbo kuzaa mtu.

Wala hakuwa peke yake. Thomas Aquinas, ambaye Kanisa Katoliki linamheshimu kama mwalimu wake mkuu, alikubali bila wasiwasi kwamba baadhi ya wanyama huzalika kutokana na uozo, kwa nguvu ya jua na nyota. Wengi waliosoma kile kisa cha Samsoni kukuta nyuki ndani ya mzoga wa simba walidhani mzoga ndio uliowazaa. Kiswahili chetu chenyewe kina masalia ya fikra hiyo. Tunasema nyama imetoa funza, kana kwamba nyama ndiyo mama.

Aliyeanza kumwondolea nyama umama huo ni Francesco Redi, tabibu wa nyumba ya Medici huko Firenze. Mwaka 1668 alichapisha matokeo ya majaribio yake: aliweka nyoka, samaki, mikunga wa mto Arno na mnofu wa ndama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunga. Vilivyo wazi vilipata funza. Vilivyofungwa vikaoza bila funza. Wakosoaji wangeweza kusema amezuia hewa, kwa hiyo akarudia akifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na nzi wakaja kutaga juu ya kitambaa. Ni moja ya majaribio ninayoyapenda zaidi katika historia yote ya sayansi, kwa sababu hakuna kifaa ndani yake ambacho mama lishe yeyote hana. Lakini Redi huyohuyo aliendelea kuamini kwamba wadudu wanaopatikana ndani ya vinundu vya miti huzalishwa na uhai wa mti wenyewe. Hakuwa akimtetea Mungu. Alikuwa akichunguza funza.

Miaka michache baadaye Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, akaona kwa lenzi zake viumbe wasioonekana kwa macho, na swali zima likahama kutoka kwenye funza kwenda kwenye tone la maji. Hapo ndipo tunakutana na kundi la watu ambalo, kama ningelitunga katika hadithi, mhariri angeniambia limezidi chumvi.

Upande wa waliosema uhai unazuka alisimama John Turberville Needham, Mwingereza, padri wa Kikatoliki. Miaka ya 1740 alichemsha mchuzi wa kondoo, akauziba kwa kizibo, akauchoma tena kwenye majivu ya moto, na bado ukajaa vijidudu. Akahitimisha kwamba ndani ya maada mna nguvu ya kuotesha uhai, nguvu ambayo kwake ilikuwa imewekwa na Mungu. Upande wa pili alisimama Lazzaro Spallanzani, Mwitaliano, naye pia padri. Mwaka 1765 alichapisha majibu: aliziba chupa kwa kuyeyusha kioo cha shingo yake, akachemsha kwa muda mrefu, na hakupata kitu. Needham akajibu kwamba moto mkali kiasi hicho umeua ile nguvu na kuiharibu hewa. Mapadri wawili, Mungu mmoja, mchuzi mmoja, na hitimisho mbili zinazopingana.

Kisha akaingia Voltaire. Mtu huyu aliyetumia nusu ya maisha yake kulikejeli Kanisa alimshambulia Needham kwa miaka, akimwita Mjesuiti wa Ireland, ingawa Needham hakuwa Mjesuiti wala mtu wa Ireland. Hasira yake ilikuwa na sababu. Voltaire aliamini yuko Mungu aliyeupanga ulimwengu kama fundi saa, na aliona wakanaji Mungu wa Paris, Baron d'Holbach akiwa mstari wa mbele, wakiokota majaribio ya padri Needham na kuyatumia kuonyesha kwamba maada inajitosheleza. Kwa hiyo adui wa mapadri akawa anamtetea Mungu dhidi ya padri. Ukitafuta mahali ambapo “uhai kuzuka wenyewe” kulianza kunuka ukanaji Mungu, nusa hapa, kwenye miaka ya 1770. Ila harufu hiyo haikuwa bado sheria.

Ufaransa ya Napoleon wa Tatu ndiyo iliyoifanya sheria. Mnamo Desemba 1858 Félix-Archimède Pouchet, mkurugenzi wa makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Rouen, aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi matokeo ya jaribio lake: maji yaliyochemshwa, majani makavu yaliyotiwa moto, hewa aliyoitengeneza mwenyewe, vyote vikikutanishwa chini ya zebaki ili uchafu usiingie. Vijidudu vikatokea. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na humo alijitahidi sana kueleza kwamba haipingi dini: Mungu aliyeumba mwanzo anaweza kuendelea kuumba kwa kanuni alizoziweka, na hakuna pale kete iliyorushwa. Kwa maneno mengine, Pouchet alikuwa akisema karibu kile alichosema Needham, na si mbali na simulizi ya pili ya Ibn Tufayl.

Lakini miaka iligeuka vibaya kwake. Mwaka huohuo wa 1859 Darwin alitoa kitabu chake London, na mwaka 1862 Clémence Royer akakitafsiri kwa Kifaransa akikitanguliza na dibaji ndefu ya kuishambulia dini. Tangu hapo, Mfaransa aliyesikia “uhai umetoka kwenye maada” alisikia pia “mapinduzi”, “kanisa lianguke”, na mengineyo. Pouchet alibaki na majani yake makavu katikati ya vita ambayo hakuianzisha.

Akademia iliweka tuzo ya kulimaliza suala hilo, na mwaka 1862 ikampa Pasteur. Alistahili. Mwaka 1860 alikuwa amebeba chupa zilizochemshwa na kuzibwa, zenye maji ya chachu na sukari, akazivunja shingo mahali mbalimbali na kuziziba tena. Kati ya 20 alizozifungua mashambani karibu na Arbois, 8 ziliharibika. Kati ya 20 za kilima cha Poupet, mita 850, ziliharibika 5. Kati ya 20 za Montenvert, karibu na barafu kwenye mita 2,000, iliharibika 1. Hewa ikiwa safi zaidi, uhai unapungua. Hesabu za namna hii zinashawishi kuliko hotuba yoyote.

Pouchet hakukubali. Mwaka 1863 yeye na wenzake wawili wa Toulouse, Joly na Musset, walipanda mlima Maladetta katika safu ya Pyrenees, juu zaidi ya alikofika Pasteur, wakiwa na chupa 8 za maji ya majani makavu. Zote nane zikachacha.

Nane kwa nane! Mtu anaweza kusema walikuwa wazembe, na Pasteur alisema hivyo hasa, akilalamikia jinsi walivyovunja shingo za chupa. Ikaundwa tume. Wajumbe wake wote walijulikana kuegemea kwa Pasteur. Wawili wao, Balard na Jean-Baptiste Dumas (mkemia, si yule wa riwaya), walikuwa walezi wake wa kitaaluma. Kina Pouchet waliomba majaribio yasogezwe hadi hali ya hewa iwe ya joto, wakakubaliwa, lakini walipofika Juni 1864 tume ilitaka jaribio moja tu la mkato, nao walitaka mfululizo wa majaribio waliouandaa wenyewe. Wakajitoa. Tume ikaendelea bila wao, na suala likahesabiwa kuwa limekwisha.

Mwaka 1974 wanahistoria wawili, John Farley na Gerald Geison, waliandika kwamba ushindi huu ulichangiwa sana na siasa na dini, na kwamba Pasteur mwenyewe alikuwa akipata matokeo yasiyompendeza na kuyahesabu kuwa makosa ya jaribio. Hilo la pili ni kweli, na Pasteur hakulificha kabisa: alieleza mwenyewe kwamba majaribio yake ya mwanzo kwa zebaki yalikuwa yakichacha, na kwamba hakuyachapisha kwa sababu aliona matokeo yake ni mazito mno, akahofu pana kosa lililojificha. Baadaye akagundua kuwa uso wa zebaki umejaa vumbi. Katika semina tulizosoma makala hayo, wenzangu wengi walitoka wakiamini kwamba basi Pouchet alishindwa kwa sababu hakuwa na marafiki Paris. Mimi sikubali, na sababu yangu ni majani makavu.

Mwaka 1876 Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea huko Breslau, alieleza bakteria anayeishi kwenye majani makavu, ambaye mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya kitu kama mbegu yenye ganda gumu. Mbegu hiyo inastahimili maji yanayochemka. Mwaka uliofuata John Tyndall, huko London, aliyesumbuliwa na majani makavu yaliyoingizwa kwenye maabara yake hadi kila kitu kikawa kinachacha, alionyesha njia ya kuwaua: chemsha, subiri mbegu ziote, chemsha tena, rudia. Kwa hiyo chupa za Maladetta zilichacha kwa sababu uhai ulikuwamo tayari kabla hazijapandishwa mlimani. Pouchet aliona kweli alichokiona. Pasteur alisema kweli kuhusu asili yake. Na Pasteur hakuweza kuyaeleza matokeo ya mwenzake, kwa sababu kwenye maji yake ya chachu hakukuwa na bakteria wa aina hiyo wa kumsumbua. Tume ingekubali majaribio ya majani makavu Juni ile, yaelekea Paris nzima ingeona chupa zilizochemshwa zikichacha, na Sayansi ya Ufaransa ingepata kitendawili kizuri miaka 12 mapema. Pouchet alifariki mwaka 1872, hakuwahi kusoma makala ya Cohn.

Hapo ndipo ninapoona hasara ya kumwingiza Mungu kwenye chupa. Siasa haikumpa Pasteur jibu la uongo. Ilichofanya ni kulifunga swali kabla halijaiva. Na waumini waliofurahia ushindi ule walijiwekea mtego, maana kama chupa isiyochacha ni ushahidi wa Muumba, basi chupa inayochacha itakuwa ushahidi wa nini?

Ajabu ni kwamba Pasteur mwenyewe, faraghani, hakuwa na uhakika aliouonyesha Sorbonne. Miaka ya 1850 alikuwa ameona kuwa molekuli nyingi zinazotoka kwa viumbe hai zina upande, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na alishuku kuwa nguvu fulani ya ulimwengu ndiyo chanzo. Alijaribu kuiga nguvu hiyo kwa sumaku kubwa, na akabuni mtambo wa saa wa kuzungusha mmea. Hakupata kitu. Mwaka 1883 aliyasimulia majaribio hayo hadharani. Mtu anayeamini kwamba kuugusa mlango wa uhai ni kumfukuza Muumba hafanyi majaribio ya namna hiyo.

Darwin naye alisitasita. Katika toleo la pili la kitabu chake, mapema 1860, aliongeza neno Muumba kwenye sentensi ya mwisho. Miaka mitatu baadaye alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker akijuta kuwa aliwainamia watu. Mwaka 1871 alimwandikia tena Hooker kuhusu kidimbwi cha maji ya vuguvugu chenye amonia na chumvi za fosforasi, mwanga, joto na umeme, akiwaza kama protini ingeweza kuundwa humo. Pia aliona kwa nini hatuwezi kulishuhudia hilo leo: kitu kama hicho kikitokea sasa kitaliwa mara moja na viumbe waliopo. Ukilisoma wazo hilo pamoja na Pasteur, hakuna mgongano. Pasteur alionyesha kwamba vijidudu vya leo vina wazazi. Kuhusu Dunia isiyokuwa na vijidudu bado, chupa zake hazisemi kitu.

Oparin huko Moscow mwaka 1924 na Haldane Uingereza mwaka 1929 walilichukua wazo kama hilo, kila mmoja kwa njia yake. Halafu akaja Stanley Miller, mwanafunzi wa uzamivu Chicago, chini ya Harold Urey. Alizungusha mvuke wa maji, methani, amonia na hidrojeni ndani ya vioo, akapitisha cheche za umeme, na baada ya siku kadhaa akapata asidi amino, miongoni mwao glisini na alanini. Ripoti yake ilichapishwa Mei 1953, ana miaka 23.

Kwenye mabishano yetu Miller huitwa shahidi wa “bahati nasibu”. Sioni bahati nasibu hapo. Rudia jaribio na glisini itatokea tena; kete haziangukii upande uleule kila ukizirusha. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 nacho kilikuwa na asidi amino nyingi, glisini ikiwamo, na hakukuwa na Miller huko kilikotoka. Kemia ina mazoea yake. Muumini anaweza kuyaita mazoea hayo amri, asiyeamini akayaita kanuni, na hakuna chupa itakayowaamua.

Fred Hoyle, mwanafizikia wa nyota, alitoa mfano ambao kila mhubiri sasa anaujua: kimbunga kikipita kwenye jalala la vyuma chakavu hakiwezi kuunda Boeing 747. Mfano huo unampiga mtu ambaye hayupo, kwani hakuna mkemia anayedai bakteria mzima aliruka kutoka dimbwini kwa hatua moja. Lakini nisimdharau. Kutoka glisini hadi seli inayojigawa ni mbali kuliko vitabu vyetu vya sekondari vinavyodokeza. Tangu miaka ya 1980 tunajua kwamba RNA inaweza kubeba taarifa na pia kufanya kazi ya kimeng'enya, na mwaka 2009 maabara ya John Sutherland huko Manchester ilionyesha njia ya kupata baadhi ya vijenzi vya RNA kutoka kemikali nyepesi. Njia nzuri, lakini kuna mkono wa mkemia kila hatua: ongeza hiki sasa, kile baadaye. Wanaobeza mkono huo wana hoja, na wakemia wanaijua vizuri kuliko wao. Ndiyo kazi wanayoamkia kila siku.

Miller alifariki mwaka 2007. Mwanafunzi wake wa zamani, Jeffrey Bada, aliyapata masanduku yenye vichupa vidogo vya majaribio ya miaka ya 1950, mabaki yakiwa yamekauka ndani yake. Kundi moja lilitoka kwenye mtambo ambao Miller aliuunda kwa kuiga mvuke wa volkano na ambao hakuutangaza sana. Vifaa vya wakati wake viliona asidi amino chache humo. Vya 2008 vilihesabu 22.